Vizibo Nilivyoviita Takataka

Jioni moja binti yangu wa darasa la kwanza aliniomba uzi, atunge vizibo vya soda vya kupamba darasa lao. Nilimkemea kwa kuleta takataka nyumbani, nikamnunulia picha za dukani.

Siku ya wazazi nilizikuta picha hizo ukutani, hakuna aliyezitazama. Watoto walikuwa wamezunguka shada la vizibo alilolitunga mwenzao, wakihesabu kwa sauti mpaka 100. Binti yangu alisimama kando.

“Baba, mimi sikutengeneza kitu.”

Ndugu mzazi, pambo la kununua hupendezesha ukuta. Alilolitengeneza mtoto humfunza hesabu, akajiona mwenye darasa. Jumapili hii tunatoboa vizibo: mimi nimeshika nyundo na msumari, yeye uzi.