Tarnovo: Mabinti Waliobeba Mapatano

Safari hii tunawapeleka Bulgaria, katika mji wa Veliko Tarnovo, kilomita zipatazo 220 kutoka Sofia. Mto Yantra umeuzunguka mji kwa kujipinda kama nyoka. Juu ya kilima cha Tsarevets yapo magofu ya ikulu ya zamani. Chini, kando ya mto, lipo Kanisa la Mashahidi Arobaini, lililojengwa na Mfalme Ivan Asen wa Pili baada ya kushinda vita vya Klokotnitsa mwaka 1230. Tuliiona nguzo yenye maandishi ya ushindi wake, lakini mawazo yetu yalikuwa kwa mkewe na binti yake.

Mkewe, Maria, alikuwa Mhungaria. Mwaka 1218 baba yake, Mfalme Andrew wa Pili, alipokuwa akirudi kutoka vita vya msalaba, Ivan Asen alimzuia asipite Bulgaria mpaka akubali kumwoza binti. Arusi ilifanyika mwaka 1221. Mahari ilikuwa ruhusa ya kupita! Hata hivyo, mwaka 1232 Wahungaria waliushambulia mji wa Vidin. Fikirini hali ya mama huyo, mume upande huu na ndugu upande ule.

Kisha ikawa zamu ya binti yao, Elena. Mwaka 1235 aliozwa kwa Theodore, mwana wa mtawala wa Nicaea, ili baba zao washirikiane dhidi ya Walatini wa Constantinople. Wote wawili walikuwa bado watoto. Mwaka 1237 baba yake alimwita nyumbani kana kwamba amemkumbuka tu, kumbe amegeuka na kujiunga na Walatini wale wale. Mwanahistoria George Akropolites anasimulia kwamba njiani mtoto alimlilia mama mkwe wake, Irene.

Mfalme alikuwa vitani zilipomfikia habari kwamba maradhi yameingia Tarnovo, na kwamba Maria, mtoto wao mmoja na Patriarki wamefariki. Aliona ni adhabu ya Mungu. Akaacha vita, akapatana tena na Nicaea, akamrudisha Elena kwa mumewe.

Sisi wauguzi tumeona maradhi yakiingia nyumba ya mwema na ya mwovu, kwa hiyo hatuyaiti adhabu. Lakini tumeona pia jinsi msiba unavyomkumbusha mtu yule aliyemkosea.

Maria alikuwa na dada, Elizabeth, aliyepelekwa Ujerumani akiwa mtoto kwa ajili ya ndoa. Huyo ndiye aliyeanzisha hospitali Marburg mwaka 1228, akawauguza maskini kwa mikono yake mwenyewe.

Tuliondoka Tarnovo jioni, tukiwawaza binti zetu. Wakubwa walipatana, wakagombana, wakapatana tena. Je, nani alimwuliza Elena? Akina mama, kabla ya kuamua jambo la mtoto, tumwite, tuketi naye, tumsikilize.