Uluguru, Nchi Inayotunywesha Maji

Mtu afunguaye bomba pale Kinondoni au Temeke aghalabu hafikiri maji yale yametoka wapi. Huona ndoo yake imejaa, na mwisho wa mwezi huletewa hesabu ya kulipa. Lakini maji hayo yamekwisha kusafiri mwendo mrefu. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Dar es Salaam hutoka katika Mto Ruvu, nao Ruvu huanzia katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kwa sababu hiyo nimeona vema niwaeleze wasomaji habari za nchi ile, za wenyeji wake na za kazi zao, maana sisi tukaao pwani twaishi kwa msaada wao, na wengi wetu hatuwajui.

MILIMA NA MVUA YAKE

Kutoka Dar es Salaam hata Morogoro mjini ni kilomita 190 hivi kwa barabara, na tangu mwaka 2024 iko pia treni ya umeme. Msafiri akikaribia mji huona milima upande wa kushoto, mirefu kama ukuta, na mawingu yamekaa juu yake. Kilele kinachoutazama mji huitwa Lupanga, chenye urefu wa mita 2,138. Mbali zaidi upande wa kusini kiko Kimhandu, kipitacho mita 2,600, nacho ndicho kirefu kuliko vyote.

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu. Zikiikuta milima hii hupanda juu, hupata baridi, na unyevu wake hugeuka mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki, yaani Matombo na Kinole, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, yaani Mgeta. Msitu ulio juu huyapokea maji hayo, huyaweka udongoni, kisha huyaachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Mito ya Mgeta, Mvuha na Mfizigo huyateremsha mpaka Ruvu. Huko mkoani Pwani iko mitambo miwili mikubwa ya kuyasafisha: Ruvu Juu, iwezayo kutoa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, lita milioni 270.

WENYEJI WAKE

Wenyeji ni Waluguru, na maana ya jina lao ni watu wa milimani. Kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba ya ukoo hurithiwa kwa upande huo huo wa mama. Basi mjomba ana heshima kubwa, na mwanamke ana haki katika ardhi kuliko makabila mengi tuyajuayo. Zamani walikuwa na wakuu wa koo, na aliyevuma zaidi ni Kingalu wa Kinole, aliyeendewa na watu kwa habari za mvua.

Injili ilifika kwao kwa kazi ya Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakapanda milimani. Misioni ya Matombo ilianzishwa mwaka 1897. Leo Wakatoliki ni wengi sana katika vijiji vya huko juu.

KAZI ZAO

Mgeta ni bustani ya Dar es Salaam. Kwa sababu ya baridi, hulimwa huko kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, hata matunda ya nchi za baridi kama plamu na stroberi. Mashamba yako katika miteremko mikali, na mizigo hubebwa kichwani kwa vijia vyembamba hata penye barabara, ndipo malori huichukua. Tangu miaka ya 1980 wamefuga pia mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe, walioletwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Upande wa mashariki hustawi ndizi, mananasi, mdalasini, iliki na pilipili manga. Mama anunuaye karoti sokoni Temeke Stereo au Tandale huenda anakula jasho la Mluguru, na kuzipika kwa maji ya mlima ule ule.

SHIDA YA MITEREMKO

Shamba la mteremkoni lina hatari yake: mvua ikinyesha, udongo huondoka. Serikali ya Kiingereza iliona jambo hili, na kuanzia mwaka 1950 ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa chini, ule usiofaa ukaja juu. Watu wakakasirika. Mwaka 1955 ilitokea fujo huko Matombo, polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Lakini kule Mgeta, ambako mboga ziliwapa watu faida, matuta yalipendwa na yamedumu. Hapo pana fundisho: mkulima hakatai kuutunza udongo wake, hukataa kubeba mzigo peke yake bila kuona faida.

Wengine walilishika fundisho hilo. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliwasaidia wakulima wa Kibungo Juu kupanda miti na kutengeneza matuta, na wakalipwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa faida yake huwafikia watu wa mjini. Mwaka 2008 msitu wenyewe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ukapungua, na Dar es Salaam ikapewa maji kwa zamu. Ndoo zilipangwa foleni usiku kucha. Mwaka huo huo ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, la kuweka akiba ya maji ya Ruvu. Ni jambo jema. Lakini mlima ukiachwa uchi, bwawa litajaa matope badala ya maji.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Kila kijiji kina watu wa juu ya mto na watu wa chini. Wewe uliye juu, usiulime ukingo wa chemchemi, wala usikate miti inayoifunika. Nawe uliye chini, usimlaumu tu aliye juu. Muulize anahitaji nini apate kuitunza, kisha umsaidie. Maji tunywayo pamoja, tuyalinde pamoja.