Aliyekwenda Berlin Kudai Mshahara

Mwaka 1904 walizaliwa watoto wawili wa kiume, mmoja Februari mjini Dar es Salaam, mwingine Mei jijini Paris. Wote wawili walikuja kuwa wanajeshi, na wote wawili wakaja kuwa waigizaji wa filamu. Wa Paris ni Jean Gabin. Wa Dar ni Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Ukiuliza nani kati yao alikuwa staa, hapo hakuna mashindano. Lakini mimi nimekaa na stori ya huyu wa Dar miezi kadhaa sasa, na kila nikijaribu kuandika kitu kingine, inanirudia.

Gabin tummalize haraka, maana ameandikwa vya kutosha. Mwaka 1937 aliigiza katika La Grande Illusion ya Jean Renoir, kama mwanajeshi Mfaransa aliyetekwa na Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliichukia filamu hiyo vibaya sana. Ufaransa ilipotekwa, Gabin alienda Hollywood. Huko alikuwa na kazi, alikuwa na Marlene Dietrich, alikuwa na kila sababu ya kutulia. Hakutulia. Mwaka 1943 alijiunga na jeshi la Ufaransa Huru la Jenerali de Gaulle, na vita vilipoisha alikuwa kamanda wa kifaru katika kikosi cha Jenerali Leclerc, mzee mzima wa miaka arobaini akiwa amejikunja ndani ya chuma pamoja na vijana. Nchi yake ilimvisha nishani. Alipofariki mwaka 1976, jeshi la wanamaji lilichukua majivu yake na kuyamwaga baharini. Hapo hesabu imefungwa, hakuna anayemdai mwenzake.

Sasa angalia miaka. Vita vile ambavyo Gabin aliigiza mateka wake vilianza mwaka 1914, akiwa mtoto wa miaka kumi. Mahjub pia alikuwa na miaka kumi. Tofauti ni kwamba Mahjub alikuwa ndani yake.

Baba yake alikuwa askari mwenye cheo katika jeshi la Wajerumani, mtu wa asili ya Sudan kama wengi walioletwa mapema kuunda jeshi lile. Mtoto alijifunza Kijerumani akiwa mdogo, na kabla ya vita alikuwa tayari ni karani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Vita vilipoanza, baba na mwana waliingia jeshini pamoja, mtoto akawekwa upande wa ishara za mawasiliano. Oktoba 1917 alikuwa Mahiwa, kule kusini karibu na Lindi, kwenye mojawapo ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Upande wa pili Waingereza walikuwa wameleta Wanigeria na Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la mababu zetu sisi wa Kenya. Mahjub alijeruhiwa, akatekwa. Alikuwa na miaka 13. Kwa hiyo Gabin aliigiza mateka wa vita vile, na huyu alikuwa mateka wa vita vile, na bado ni Gabin tunayemkumbuka kwa hilo. Simlaumu Gabin. Nasema tu ilivyo.

Baada ya vita alifanya kazi melini, kama vijana wengi wa pwani. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani akiwa mhudumu wa meli, akaenda hadi Berlin, na jambo alilolifanya huko ndilo lililonishika mimi shati: alienda kudai mshahara. Wake na wa baba yake. Mishahara ya vita ambayo Wajerumani waliondoka Afrika Mashariki bila kuilipa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa kuwasilisha madai umepita.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikaenda kusimama nje.

Nilitoka chuo kikuu mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, nikarudi nyumbani Turbo, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Turbo unaijua hata kama hujui kwamba unaijua: ukitoka Eldoret kwenda Malaba lazima uipite, na trela za kwenda Uganda, Rwanda na Kongo zinatetemesha vikombe vyetu usiku kucha. Naandikia tovuti za watu walio mbali, watu ambao sijawahi kuona sura zao. Mojawapo, ambayo sitaitaja, ilichukua makala zangu tisa, ikayachapisha, halafu ikanyamaza. Nilipofuatilia, nikaandikiwa kwa adabu kubwa kwamba madai ya kipindi hicho yalishafungwa.

Mama anauza nyanya na parachichi sokoni. Hajui barua pepe ila anajua deni.

“Hao watu wako wapi?” aliniuliza.

“Ng'ambo, Mama.”

“Si uende.”

“Niende na nini?”

“Mimi nakwambia tu. Pesa haidaiwi kwa simu.”

Mahjub alienda. Alivuka bahari akasimama mbele ya meza ya ofisa mwenyewe, akiwa na Kijerumani safi na kidonda cha Mahiwa, na bado akaambiwa amechelewa. Mama hakupenda nilipomsimulia hiyo. Alisema labda alienda mlango usio wake.

Alibaki Berlin. Alifanya kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe ambalo kumbi zake zilipambwa kila moja kama nchi ya kigeni, mteja azunguke dunia bila kutoka mjini. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, kwa malipo duni. Kiswahili kilikuwa na historia ndefu pale. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule wa Desturi za Wasuaheli, alikifundisha huko miaka mingi kabla yake. Na tarehe 27 Januari 1933 Mahjub alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akawa kansela. Sijui harusi gani iliwahi kuwa na fungate mbaya kama ile.

Halafu filamu. Wajerumani walikuwa wamenyang'anywa makoloni yao baada ya vita, na kulikuwa na kundi kubwa lililotaka yarudishwe. Hoja yao kubwa ilikuwa askari: tazameni, Mwafrika alitupenda, alitupigania hadi siku ya mwisho. Kwa hoja hiyo walihitaji Mwafrika wa kuonyesha, na Mahjub alikuwepo, tena na historia ya kweli. Mwaka 1934 aliigiza katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika kama askari wa ishara, yaani aliigiza utoto wake mwenyewe, ila sasa ulikuwa umepakwa sukari. Zikafuata nyingine, zaidi ya ishirini kwa jumla. Nyingi ni za kupita tu. Ni yule mtu mweusi aliyesimama nyuma ya kochi, anayebeba sinia, anayefungua mlango ili staa aingie.

Tulipokuwa wadogo hapa Turbo tulikuwa tunaingia kibanda cha video kutazama filamu za vita ambazo DJ Afro amezitafsiri, na tulikuwa na mchezo wa kubashiri nani atafika mwisho. Mweusi hakuna aliyemchagua. Hatukuona ni jambo la kusikitisha. Tulikuwa tunajua tu sheria za mchezo. Mwaka 2013 Eva Knopf, mtengenezaji filamu wa Kijerumani, alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Majubs Reise, yaani safari ya Mahjub, na alichofanya ni kuzirudia zile filamu za zamani na kumtafuta huyo mtu wa nyuma. Staa anaongea na wewe unaambiwa usimtazame, mtazame mwenye sinia. Ukishazoea kutazama hivyo, filamu za zamani hazitazamiki tena kwa amani.

Kuna wanaomwita msaliti, na ushahidi wanao. Alivaa sare ya askari na kusimama kwenye mikutano ya watu waliotaka Tanganyika irudi mikononi mwa Wajerumani. Aliwafundisha Kiswahili watu waliojiandaa kuja kututawala upya. Filamu yake ya mwisho, Carl Peters ya mwaka 1941, inamtukuza mtu ambaye watu wetu walimpa jina la Mkono wa Damu, mtu ambaye hata serikali ya Kaiser ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili wake, baada ya kunyonga watu kule Kilimanjaro. Hans Albers ndiye Peters. Mahjub ni Ramasan, msaidizi wake mwaminifu. Miongoni mwa Waafrika wengine wanaoonekana mle ni mateka wa vita, wanajeshi wa makoloni ya Ufaransa waliotolewa kambini kuja kuigiza watu huru. Hilo sitalipamba.

Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliandika maisha yake yote katika kitabu cha mwaka 2007, na jina la kitabu kwa Kiswahili lingekuwa Mwaminifu hadi Kifo. Nadhani kuna kejeli ndani yake, na mimi nachukua upande wa kejeli. Panga tu mambo yake kwa mfuatano. Mwaka 1929 anadai mshahara, ananyimwa. Serikali inaanza kutoa nishani kwa waliopigana Vita vya Kwanza, anaomba yake, ananyimwa. Anaenda kuinunua dukani kwa pesa zake na kuivaa kifuani. Mwaka 1935 anapoteza kazi Haus Vaterland baada ya wenzake kumchongea. Mwaka 1939 vita vinaanza, anajitolea kuingia jeshini, anakataliwa. Wengine wanaona hapo mtu mwenye mapenzi ya kijinga. Mimi namwona mtu aliyeshika risiti. Mliniambia mimi ni askari wenu, mnaniimba kwenye mikutano, mnanipiga picha, basi nilipeni kama askari. Kila sare aliyovaa ilikuwa njia ya kuwakumbusha deni, na wao kila mara walichukua ile picha wakamwachia deni lake.

Pengine namtetea kwa sababu ya zile makala tisa. Sawa. Lakini tarehe ni tarehe.

Wakati wa kupiga Carl Peters alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alikuwa na mke, na hilo ni la nyumbani kwake. Serikali haikumkamata kwa ajili ya machozi ya Maria, ilimkamata kwa ajili ya rangi. Mwaka 1941 alichukuliwa na, bila kufikishwa mahakamani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin. Filamu ilikuwa ikionyeshwa kumbini, Ramasan akimtumikia bwana wake kwa uaminifu, na mwigizaji wake yuko nyuma ya waya. Alikaa humo miaka mitatu.

Tarehe 23 Novemba 1944 kikosi cha Leclerc, ndicho hicho cha Gabin, kiliikomboa Strasbourg, mpakani kabisa mwa Ujerumani. Siku iliyofuata, tarehe 24, Mahjub alifia Sachsenhausen. Alikuwa na miaka 40.

Deni lenyewe lilikuja kulipwa. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai, na inasimuliwa kwamba ofisa alifungua meza ya malipo huko Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare za zamani, na wengine mikono mitupu. Basi ofisa akamwita mmoja mmoja, akampa ufagio ashike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wanasema hakuna aliyekosea hata mmoja. Miaka karibu hamsini imepita, magoti hayakunjiki, na amri bado ziko mwilini.

Mahjub angekuwa na miaka 60 mwaka huo, mdogo kuliko wengi wa wale wazee. Mwaka 2007 Berlin ilimwekea bamba dogo la shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba aliyoishi Brunnenstraße, lenye jina lake na miaka yake. Mshahara wa baba yake haukutajwa.