Pua Yangu na Kidevu Changu

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, majamvi huanikwa toka uani hadi kando ya barabara, na wageni husifu harufu inayowapokea wangali garini. Mimi nimezaliwa Wete. Nimepanda mikarafuu, nimechambua makonyo usiku na wenzangu, na harufu hiyo sijawahi kuisikia hata siku moja. Nyumbani walisema nina pua nzito, wakaishia hapo.

Kilichowashughulisha ni kidevu. Wenzangu wa chuoni sauti ziliwakwaruza, kisha zikawa nzito. Yangu ilibaki ile ile ya kusomea kasida. Nilipofika miaka 19 nilikuwa mrefu kuliko wote maskani, tena mwenye mikono mirefu, hata nikawa napewa matawi ambayo wengine hawayafikii. Lakini uso ulikuwa wa mtoto wa darasa la tatu. Nikimpigia mtu simu anijibu, "Mpe babako, mwanangu." Dhihaka za maskani sizirudii hapa, kila mwanamume wa pwani anazijua.

Lililoniuma zaidi lilitokea makaburini, tulipomzika babu yangu. Nilitaka kushuka mwanandani pamoja na ami zangu. Mzee mmoja, asiyenijua, akanishika bega kwa upole: "Wewe ngoja huko, waache wakubwa." Hakukusudia ubaya. Nikarudi nyuma, nikasimama na watoto.

Dawa nilizopewa ni nyingi. Kinyozi aliniapia kwamba nikipitisha wembe kila asubuhi ndevu zitatoka kwa hasira. Wembe hukata unywele juu ya ngozi tu. Shina lililo chini halina habari. Nikapaka maji ya kitunguu, mafuta ya nyonyo, mafuta ya habasoda. Mama akanitafutia makombe, nikanywa.

Nilipata jibu kwa njia nisiyoitazamia. Nikiwa na miaka 22, niliteleza sakafuni nikavunjika mkono, na daktari alipoitazama picha ya eksirei akauliza mara mbili umri wangu. Mifupa yangu ilikuwa bado haijafunga, kama ya mvulana anayekua. Akanipima kimo, akapima na mikono iliyonyooshwa, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mganga yeyote: "Unasikia harufu?"

Akanieleza hivi. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, chembe zitakazokuja kuamuru balehe huanzia sehemu ya pua, zikasafiri hadi kwenye ubongo kwa kufuata njia ya mishipa ya kunusia. Kwangu safari hiyo haikukamilika. Kwa hiyo harufu sikupata, na amri ya kubalehe haikutoka. Damu ilithibitisha: homoni ya kiume, testosteroni, ilikuwa kidogo mno, na zile homoni za tezi ya kichwani ambazo kazi yake ni kuziamsha korodani nazo zilikuwa chini. Kwa kukosa homoni hizo mifupa ilichelewa kufunga, ndiyo maana ya urefu ule na mikono ile, na ilikuwa dhaifu. Maradhi haya, ambayo ni nadra, huitwa Kallmann, kwa jina la daktari Franz Josef Kallmann aliyeyaeleza mwaka 1944.

Nisije nikamtia mtu hofu bure. Vijana wengi wenye ndevu chache hawana ugonjwa wowote. Ndugu yangu mkubwa ana sauti nzito, ana watoto wanne, na ndevu zake unaweza kuzihesabu. Ndivyo alivyo baba. Homoni wanayo ya kutosha, ila mashina ya nywele zao yameumbwa kutoiitikia sana, na hilo hurithiwa. Wengine ndevu huendelea kujaza hadi karibu na miaka 30. Siko seli nayo huchelewesha balehe. Wapo pia wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada, hali iitwayo Klinefelter, ambao wengi wao hawajui mpaka watafute mtoto.

Mimi nilianzishiwa sindano za testosteroni, kidogo kidogo kwanza. Sauti ilitangulia. Kisha masharubu membamba, na kidevu baadaye sana. Harufu haikuja, na daktari alinieleza mapema kwamba haitakuja. Alinieleza pia kwamba sindano hizi hazileti mbegu za uzazi. Nikitaka mtoto zipo sindano nyingine, za homoni za kuziamsha korodani, nazo huchukua miezi mingi. Hayo nilimwambia mchumba wangu kabla ya posa, mbele ya shangazi yake. Tumeoana.

Mzazi mwenye mvulana aliyetimiza miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe, korodani zake bado za kitoto, ampeleke hospitali, asingoje ndevu. Na ukimwona kijana mrefu mwenye sauti ya kitoto, kabla hujamtania, muulize kama anasikia harufu ya chakula kikiungua.