Anko Gani?

Wazazi wa Free Area, kabla hamjatuma pesa ya klabu ya likizo ya Agosti, nisikizeni kidogo. Mimi si mwalimu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kabla nianze kutengeneza video nilifanya kibarua cha kuangalia watoto kwa klabu moja ya hapa mtaani. Jina sitaji. Watoto walikuwa thelathini na kitu, sisi wawili. Niliajiriwa kwa simu. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho, sembuse cheti cha tabia njema.

Jioni moja jamaa akaja, akasema ametumwa achukue mtoto fulani wa miaka sita. Alimjua kwa jina, na mtoto akamchekea. Nikamwachilia. Dakika kumi baadaye mama yake akaingia.

"Yuko wapi?"

"Ameenda na anko."

"Anko gani?"

Hiyo sauti sitawahi kuisahau. Tulizunguka mtaa karibu saa nzima, tukampata kwa duka karibu na steji, anakula mandazi. Jamaa alikuwa jirani, baba ndiye alimtuma bila kumwambia mama. Kesho yake mwenye klabu alicheka tu, eti si mtoto alipatikana? Hata daftari la shilingi hamsini hakununua. Nikanunua mimi. Nikaandika kila mtoto, nani anaruhusiwa kumchukua, na namba ya simu. Wazazi wengine waliniona msumbufu. "Kwani hunijui?" Nakujua mama, lakini weka sahihi.

Tuisheni ya likizo ilikatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, na faini yake inafika shilingi 100,000. Sasa mtu anaandika "klabu" kwa geti, densi na kuchora, na shule si shule. Mimi sitaki zifungwe. Mama anayeuza nguo mjini atamwacha mtoto wapi likizo yote? Lakini Uingereza, klabu inayolea watoto wa chini ya miaka 8 kwa zaidi ya masaa mawili kwa siku, kwa kawaida lazima isajiliwe na Ofsted, na wakaguzi wana haki ya kuingia. Pale kwetu, afisa pekee niliyemwona alikuja kuuliza kibali cha biashara. Watoto hata hakuwaangalia.

Na nyinyi wazazi pia, mkija mnauliza bei na kama kuna kompyuta. Ni mama mmoja tu aliyeomba kuona choo, akajaribu komeo la mlango mwenyewe. Huyo nilimheshimu.

Mwaka huu ukifika pale getini uliza hivi: jana jioni mtoto wa mwisho alichukuliwa na nani, saa ngapi? Halafu ngoja uone kama wataenda kuleta daftari, ama wataanza kuangaliana.

Langu bado niko nalo hapa nyumbani. Nilipoacha kazi, hakuna aliyeliulizia.