Benchi la zahanati

Juzi mtu kaniuliza pale kantini kama nimeacha kuandika. Sijaacha jamani, nilikuwa fildi, wiki nane, nyumbani Ngara.

Leo naandika kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata wewe tunayelala chumba kimoja.

Nilikuwa kidato cha tatu, miaka 17, shule ya kutwa wilayani Biharamulo, naishi geto na wenzangu wawili. Nikaanza kusikia moto nikienda haja ndogo, siku ya tatu nikaona usaha. Nikajikaza nikaenda zahanati. Kwenye benchi nani yupo? Mama anayeimba kwaya na shangazi yangu, na mwalimu wa nidhamu kaleta mtoto. Chumba cha daktari mlango wake ni pazia, kila anachoulizwa mtu ndani sisi wa nje tunakisikia. Zamu yangu ikafika: "Wewe kijana, unaumwa nini?" Sauti ya mnadani. Nikasema kichwa.

Nikapewa za kutuliza maumivu. Jioni nikapita duka la dawa nikanunua rangi mbili, nikameza mpaka moto ukaisha. Na yule binti? Sikumwambia kitu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa chuo ndiyo kimenichokonoa zaidi. Tumefundishwa utafiti wa Mwanza, uliochapishwa 1995: wahudumu wa vijijini walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, bila kusubiri maabara, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40. Hata kwetu, Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo 1994, watu kama robo milioni ndani ya siku moja, kambi ya Benaco ikawekewa huduma ya namna hiyo. Kwa hiyo Ngara hatujaanza jana.

Ila njia hiyo inamtaka mgonjwa awe na dalili, na aitaje. Wasichana wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote, wanakuja kuiona kwenye ugumba. Na mwenye dalili ndiyo kama mimi, anasema kichwa. Siku hizi wanasema UTI, mnajua wenyewe, hapa kempasi nusu ya watu wana "UTI". Halafu angalieni hii: msichana wa kijijini mara nyingi anapimwa kaswende kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mimba, kliniki ya wajawazito. Mvulana je? Hana kliniki yoyote. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, mwenye miaka 15 akaruhusiwa kupima VVU bila ruhusa ya mzazi. Vizuri sana, lakini ruhusa haiondoi benchi.

Fildi nilikaa na muuguzi mmoja, dada wa makamo, mkali kidogo. Yeye kijana yeyote akiingia, hata kama kaja na malaria, anafunga mlango, anafunga na lile daftari kubwa (mnalijua, lile ambalo kila anayeandikwa anamsoma aliyetangulia), halafu anauliza yeye kwanza. Alikuja binti wa sare, kama miaka 16, akasema UTI. Dada akamwambia, "Mwanangu, humu hakuna mwalimu wala mama yako. Wanaokuja kwa UTI wote nawauliza, na wewe nakuuliza." Nikatolewa nje, na ni haki. Wakakaa humo nusu saa, foleni inanung'unika. Baadaye nikamuuliza mbona hakumwambia aje na mwenzi wake kama wengine wanavyofanya. Akasema, "Nikianza na hilo harudi. Namtibu, namwita tena, ya mwenzi tunayaongea akishanizoea."

Sitaki kuwadanganya kwamba mlango uliofungwa unamaliza kazi. Mradi wa MEMA kwa Vijana kule Mwanza ulifundisha wahudumu kuwapokea vijana vizuri, shuleni nako wakafundishwa, maarifa yakapanda. Lakini vipimo vya 2007 na 2008 havikuonyesha VVU wala malengelenge ya sehemu za siri kupungua. Nilipoisoma hiyo nilichoka kabisa. Bado, mimi ningeulizwa vile siku ile, ningesema, na yule binti angepata dawa.

Sasa wiki iliyopita binamu yangu kanipigia. Ana miaka 18, anauza maji na karanga pale Benaco malori ya kwenda Rwanda yanapopaki. "Bro, nina UTI." Nikamuuliza bila kuzunguka, akanyamaza, akacheka, akakubali. Nikamtuma kwa yule dada.

Jana nampigia, ananiambia alifika, akamkuta mwingine, dada yuko likizo. Benchi limejaa, na jirani yao yupo. Akageuza. Amenunua rangi mbili.

Nimemwambia arudi leo, mimi nitakuwa kwenye simu. Ni saa nne kasoro, sijampata bado.