Kalemie: kabla ya kubadilisha programu, linda kwanza majina ya watu

Toka machafuko ya Watwa na Waluba ya miaka 2016 na 2017, jamaa nyingi zilizokimbilia Kalemie zimezoea kuandikwa: jina la baba au mama, hesabu ya watoto, kijiji walikotoka. Zamani daftari ilitosha. Leo orodha kama hiyo inaweza kukaa ndani ya kompyuta moja, kwenye meza ya chama kidogo cha mtaa.

Fundi mmoja kijana aliitwa kutazama kompyuta ya namna hiyo. Ilikuwa na XAMPP ya zamani, programu inayofanya kompyuta ya kawaida kuwa seva, pamoja na PHP 5.6. Viongozi wa chama waliona inatembea vizuri, hakuna haja ya kuigusa. Lakini watengenezaji wa PHP waliacha kuziba matundu ya 5.6 mwisho wa mwaka 2018. Tena XAMPP huwekwa bila neno la siri kwenye hifadhi ya majina. Kompyuta ikiwa peke yake, hatari ni ndogo. Ikiunganishwa na Wi-Fi ya watu wengi, mgeni anaweza kujaribu kuingia. Na kwa mtu aliyekimbia kijiji chake, kujulikana yuko wapi si jambo dogo.

Basi chama kikataka ya zamani iondolewe siku ileile, kabla umeme wa SNEL haujakatika. Fundi alikataa. Kwanza alitoa majina yote kwenye faili moja, akayanakili kwenye fulashi mbili, akachapisha orodha kwenye karatasi. Kisha akaweka XAMPP mpya kwenye kompyuta nyingine, betri ikiwa imejaa, ya zamani ikiendelea na kazi yake.

Alipofungua ukurasa, haukuleta kitu. Amri za zamani zinazoanza na mysql_ ziliondolewa toka PHP 7, Desemba 2015. Ilibidi aandike upya mistari hiyo kwa mysqli, mmoja mmoja.

Orodha ilipotokea, hesabu ya jamaa ilikuwa sawa na ile ya karatasi. Wengine wangefurahi na kufunga kazi. Yeye alisoma majina. Kila penye é, kama katika Félicité, palikuwa na alama zisizosomeka. Jina lisilofanana na lile la kwenye jeton linaweza kumrudisha mama nyumbani mikono mitupu siku ya kugawa unga. Alirekebisha namna ya kusoma herufi, akalinganisha tena na karatasi, akaweka neno la siri. Hapo ndipo kompyuta ya zamani ilizimwa.

Wazazi walioandikwa mahali popote wana haki ya kuuliza mambo mawili: nani anaweza kufungua orodha ile, na nakala yake iko wapi. Chama kinachojibu bila kusita kinajua kinachunga nini.